Kadi ya Dhahabu na Mzee wa Mwakirunge

Nilipostaafu uuguzi nilidhani nimemaliza kusukuma viti vya magurudumu. Nilikuwa nimefanya kazi wodini miaka mingi, miguu imechoka, na nilichotaka ni kukaa kwangu Kisauni nikande mahamri kwa wakati wangu, si kwa wakati wa zamu. Haikupita miezi mitatu, mwanamke mmoja tuliyefahamiana hospitalini akaja kunitembelea. Alikuwa amefungua ofisi ndogo ya kuwapangia wagonjwa matibabu India, naye alitafuta mtu wa kuwasindikiza: mtu anayejua dawa, anayeelewa Kiingereza cha madaktari, na asiyeona kinyaa kumfuta mgonjwa matapishi ndani ya ndege. Nikamwambia nitakwenda mara moja tu, nimsaidie.

Nikaenda mara moja, nikaenda ya pili, kisha nikaacha kusema "mara moja tu". Wagonjwa walikuwa watu wa kwetu: wa Likoni, wa Changamwe, wa Mikindani, wengi wao hawajawahi kuvuka hata mpaka wa Tanzania. Tulitoka Mombasa hadi Nairobi, Nairobi hadi Mumbai, na kurudi kwa njia ileile. Kila mgonjwa alikuwa ndege nne. Mimi sikuhesabu. Aliyehesabu ni kompyuta ya shirika la ndege, na siku moja pale uwanjani Changamwe msichana wa kaunta akaniinulia uso akitabasamu.

"Hongera, mama. Umepanda daraja."

"Nimepanda nini?"

"Daraja, mama. Kuanzia leo wewe ni mteja wetu wa dhahabu."

Nilidhani ananitania. Lakini kadi ilikuja kweli, ngumu, yenye kung'aa, jina langu limechapwa kwa herufi zilizoinuka. Mume wangu, ambaye aliendesha kreni bandarini Kipevu mpaka akastaafu na ambaye amepanda ndege mara moja tu maishani, alipokwenda kuhiji, aliichukua akaigonga mezani.

"Dhahabu gani hii yalia kama plastiki?"

Nikamweleza. Nina foleni yangu mwenyewe kaunta. Naruhusiwa sanduku moja zaidi. Naingia ndegeni kabla ya wengine. Na Nairobi, penye kungoja sana, nina haki ya kuingia ukumbi wa mapumziko, mimi na mgeni mmoja.

Hilo la mgeni ndilo lililonifanya niipende kadi ile. Safari ya kwanza baada ya kuipata nilikuwa na fundi cherehani wa Likoni, mwanamke wa makamo mwenye tatizo la moyo, miguu imemvimba hata viatu havimwingii. Ndege yetu ya Mumbai ilikuwa na masaa saba ya kungojwa. Zamani ningemlaza kwenye viti vya chuma vyenye mikono katikati, kichwa kwenye paja langu. Safari hii nilionyesha kadi mlangoni, tukaingia. Mlikuwa na makochi mapana, zulia, supu ya moto, na kimya. Nikamwinulia miguu juu ya mito miwili, nikamfunika leso, akalala usingizi wa mtoto. Alipoamka alitazama kila upande.

"Sista," akaniuliza taratibu, "hapa ni kwa nani?"

"Leo ni kwetu."

Akacheka mpaka nikahofia moyo wake. Alitibiwa, alhamdulillahi, na hadi leo anashona.

Ningependa kusema niliitumia kadi kwa wagonjwa peke yao. Sivyo. Nilianza kuipenda kwa ajili yangu. Nilipenda vijana wa kaunta wanavyonijua, nilipenda kuitwa kwanza. Nikiwa arusini Kisauni, wanawake wanazungumza mambo yao ya kawaida, nilitafuta upenyo wa kuingiza ule ukumbi na supu yake. Na siku moja Nairobi nilimkuta kijana amesimama kwenye mstari wetu wa mbele, mtoto amelala begani.

"Huu si mstari wa kila mtu," nikamwambia.

"Samahani, mama. Sikujua," akajibu, akahama na mtoto wake mpaka nyuma kabisa. Mgonjwa wangu wa siku ile, ajuza wa Changamwe, alinitazama kwa muda kisha akageuza uso. Mimi nikajifanya natafuta pasipoti mkobani.

Sasa, kadi ile haikuwa ya kudumu. Ilikuwa ya mwaka mmoja, na ukitaka ya mwaka ujao sharti usafiri idadi ileile tena. Miaka miwili niliipata bila taabu. Mwaka wa tatu wagonjwa walipungua. Mombasa yenyewe ilikuwa imepata madaktari bingwa na mashine, na watu wengi ambao zamani tungewapeleka Mumbai walitibiwa hapahapa wakarudi nyumbani kwa tuktuk. Ilikuwa habari njema kwa kila mtu, na mimi, muuguzi wa maisha yangu yote, nilipaswa kufurahi kuliko wote.

Mwezi wa kumi na moja ujumbe uliingia kwenye simu. Shirika lilinishukuru kwa uaminifu wangu, likanikumbusha kwamba nimebakisha ndege nne kuhifadhi daraja langu kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa jikoni, nachambua mbaazi. Ndege nne. Kwa hesabu ya kazi yangu, nilikuwa nimebakisha mgonjwa mmoja.

Nilimsomea mume wangu ujumbe ule.

"Si ukate tiketi yako," akasema, "uende, uzunguke, urudi?"

"Niende India kufanya nini?"

"Kunywa supu."

Tulicheka sote wawili. Lakini wiki zile kila simu ya ofisi ilipolia moyo uliruka, na ilipokuwa ni salamu tu niliikata nikiwa na kinyongo. Sikujiuliza kinyongo kile nilikuwa nacho kwa nani. Kwa watu wenye afya, nadhani.

Jumamosi moja alasiri mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja nyumbani, ameelekezwa na jirani. Alikuwa binti wa mzee wa Mwakirunge, Mgiriama aliyechimba mawe ya kujengea tangu ujana wake. Mzee alikuwa hawezi kukojoa bila mpira wa kupitishia mkojo. Binti alinipa bahasha ya majibu ya vipimo, nikavaa miwani nikasoma. Ilikuwa tezi dume, imevimba kama inavyovimba kwa wazee wengi. Vipimo vilionyesha hakuna saratani. Daktari wa Mombasa alikuwa ameandika kwamba anaweza kumfanyia upasuaji.

"Ndugu zangu wanasema India," akaniambia. "Na kanisani wanasema India. Pana kipande cha shamba, na mnunuzi yupo tayari. Lakini mimi sijui, Sista. Wewe umewapeleka wengi. Angekuwa ni babako, ungefanyaje?"

Upasuaji ule niliuona tangu nikiwa mwanafunzi wa uuguzi. Nimewaosha wazee baada yake, nimewabadilishia mipira, nimewaona wakitoka kwa miguu yao siku ya nne. Nilijua jibu kabla sijavua miwani.

"India wana mashine bora," nikasema. "Mimi ningempeleka India. Na msikawie. Itafaa awe ameondoka kabla ya mwaka kuisha."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru. Hata chai hakungoja, alitaka kuwahi kuwaambia ndugu zake.

Mume wangu alikuwa sebuleni na redio yake. Alipunguza sauti.

"Huyo mzee yuko hatarini sana?"

"La. Ana mpira, yuko salama."

"Basi mbona umewaambia mwaka usiishe?"

Akangoja kidogo, kisha akaongeza sauti ya redio. Nikaenda kutia udhu. Katika swala nilisahau niko rakaa ya ngapi, nikaanza upya, nikasahau tena.

Kesho yake, Jumapili, nilichukua bodaboda mpaka Mwakirunge. Njiani nilikuwa nimetunga maneno yangu. Ningesema nimezisoma karatasi upya kichwani, nimekumbuka jambo. Muuguzi akisema hivyo nani atamhoji? Vumbi jeupe la machimbo lilikuwa limetanda hadi kwenye majani, na upepo ulipogeuka ulileta harufu ya jaa. Nilifika wakati wametoka kanisani. Mzee alikuwa ameketi barazani, mpira na mfuko wake vimefichwa chini ya kikoi, mwili mkavu, mikono mikubwa isiyolingana naye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Sista wa ndege?"

"Ndiye mimi."

"Karibu. Mwanangu yuko jikoni."

Binti alikuwa anakuna nazi. Aliponiona alifurahi, akataka kuinuka. Nikamwambia akae.

"Jana nilikujibu vibaya," nikasema. "Upasuaji huu unafanywa hapa Mombasa, na unafanywa vizuri. Daktari wenu yuko sawa. Msiuze shamba."

Nazi ikasimama mikononi mwake.

"Jana mbona ulisema India?"

Hapo ndipo nilipopaswa kutoa maneno yangu ya njiani. Nilifungua kinywa, yakanikataa. Nikamweleza kadi, nikamweleza ndege nne, nikamweleza ujumbe wa simu. Nilikuwa nikizungumza nikitazama sinia ya nazi iliyokuwa imejaa nusu. Nilipomaliza alifuta mikono kwenye leso.

"Unayo hapo?"

Nikaitoa mkobani. Aliigeuza mbele na nyuma, akasoma jina langu.

"Yaani babangu ndiye alikuwa wa kukamilisha hii?"

"Ndiyo."

Alinirudishia. Akakuna nazi kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

"Ungenyamaza, nisingejua kamwe," akasema.

"Usingejua."

"Na shamba lingekwenda."

"Lingekwenda."

Hakunifukuza. Alinimiminia chai, akaniwekea kikombe kando yangu bila kunitazama usoni, akaendelea na kazi yake. Nikainywa yote, ingawa ilikuwa inaniunguza, kwa sababu sikujua ningefanya nini kingine.

Mzee alifanyiwa upasuaji mjini katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Sikualikwa, lakini nilikwenda kila siku saa za kuwaona wagonjwa. Siku ya kwanza binti alinisalimu kama anavyomsalimu mtu wa benki. Siku ya pili alinisogezea kiti. Siku ya tatu daktari alipopita na kuandika, binti alisubiri aondoke kisha akanipa faili.

"Hebu nisomee hapa. Amesemaje?"

Nikamsomea neno kwa neno, na palipo na jambo baya dogo, homa iliyopanda usiku, nikamsomea nalo, nikamweleza ni la kawaida na ni nini cha kutazama. Aliitikia kwa kichwa. Hatujawahi kulizungumza tena lile la jikoni.

Aliyekuwa na malalamiko ni mzee. Mpira ulipotolewa na akakojoa mwenyewe, wodi nzima ilijua, maana alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akanigeukia.

"Lakini Sista, umenikosesha."

"Nimekukosesha nini, mzee?"

"Ndege! Walishaniambia nitapanda ndege. Nilikuwa nimeshanunuliwa viatu. Maisha yangu yote nimo shimoni navunja mawe, ndege zinapita juu, sijui mle ndani mna nini."

Basi nikaketi nikamweleza ndani ya ndege. Nikaanza na mkanda, na dirisha lisilofunguka, na chakula kidogo kidogo kwenye vibakuli vilivyofunikwa. Akataka kujua mtu huenda wapi haja. Nikamweleza choo chenyewe kilivyo kidogo na kinavyonguruma unapobonyeza, mpaka mtu wa mara ya kwanza hutoka mbio na suruali haijafungwa. Alicheka akishika tumbo kwa maumivu, akaniomba ninyamaze, kisha akaniomba niendelee.

Mwezi wa kwanza ujumbe mwingine uliingia: nilikuwa nimeshuka kwenye daraja la fedha. Nikisema sikujali nitakuwa naongopa. Niliumia siku mbili tatu, kama mtu aliyehamishwa chumba kizuri. Fedha ilikuwa na sanduku la ziada lakini haikuwa na ukumbi, na mgonjwa wa kulazwa kwenye viti vya chuma angekuwapo tena. Hilo lilinisumbua kweli, na bado linanisumbua. Nilinunua mto mwembamba wa kukunja, nikautia kwenye mkoba wa safari.

Safari iliyofuata ilikuwa mwezi wa tatu. Nilimpeleka dereva wa lori wa Mikindani ambaye macho yake yalikuwa yanakwisha, na ambaye madaktari wawili wa hapa, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wameniambia kwa vinywa vyao kwamba tatizo lake hawaliwezi. Niliwauliza mara mbili kila mmoja. Nairobi tuliketi na watu wote, mimi nikimsomea mbao za matangazo, yeye akinieleza barabara ya Mombasa kona kwa kona kama bado anaiona.

Sauti ikaita abiria. Nikainuka, nikashika mikoba yote miwili, nikaanza kumshika mkono.

"Sista," akasema, hakuinuka. "Hao wanaoitwa ni wa dhahabu. Sisi bado."

Nikasikiliza. Kweli walikuwa wakiitwa wa dhahabu.

"Sisi bado," nikamwambia, nikaketi, nikamfungulia chupa ya maji.