Kichwa cha Kuhe Kilicholetwa Mezani Kwangu

Mjukuu wangu aliniomba kitu kimoja tu: nikifika kazini kwake, nisimjue.

"Bibi, kaa kama mteja," aliniambia. "Usiniite jina. Usinirekebishe kilemba. Na jikoni usiingie."

Nikamwuliza mimi nimewahi kuingia jiko la nani bila kuitwa. Akanitazama tu, akaendelea kupiga pasi sketi yake nyeusi. Mtoto huyo nimemlea tangu anatambaa, na akinitazama vile najua amenishinda.

Alikuwa anamaliza miezi mitatu ya majaribio kwenye mgahawa mmoja mjini Kigoma, wenye baraza inayotazama ziwa. Jumamosi ile mwenye mgahawa angemwambia kama anabaki au anaondoka. Akiondoka, Jumatatu anapanda treni kwenda Tabora kwa mjomba wake, akalee watoto wa watu. Nauli ilikuwa imeshatumwa kwenye simu. Mjomba alituma mapema kama mtu anayejua matokeo. Mimi ningebaki nyumbani Kasingirima na magoti yangu na kuku wanne.

Sababu ya kutonijua ilikuwa hii. Mwenye mgahawa, mama mmoja mnene anayetembea taratibu na kuona kila kitu, alikuwa hataki ndugu za wahudumu. Alisema ndugu wakija minofu inanenepa. Msichana aliyekuwepo kabla ya mjukuu wangu alimpa kaka yake chupa mbili za soda na sahani ya nyama, akaambiwa avue aproni siku ileile, chakula kikiwa bado mezani.

Sasa mtu ataniuliza, kwa nini nilikwenda? Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu. Miaka mingi niliuza chakula Kibirizi, pale boti zinaposhusha dagaa. Ugali wa muhogo, migebuka ya kukaanga, wale samaki wembamba wa kuliwa wazima, maharage yenye mawese. Nililisha wavuvi, wapagazi, na wafanyabiashara waliovuka kutoka Kongo na njaa ya siku mbili. Nikisema najua kuhudumia watu, najua.

Lakini ukweli lazima usemwe, nami ni mtu mzima sasa. Chakula changu kilikuwa kitamu, mdomo wangu ulikuwa mchungu. Mtu alinilalamikia mchanga kwenye dagaa, nikamwambia mchanga ni wa ziwa na ziwa ni la Mungu, aende akashitaki huko. Mwingine alisema nimechelewa, nikamnyang'anya sahani nikampa aliyekaa jirani. Walirudi kwa sababu ya mawese yangu, siyo kwa sababu yangu. Na bakshishi sikuijua. Siku moja mgeni mmoja aliacha noti chini ya sahani. Nikamkimbilia ufukweni huku napiga kelele, "Wewe, umesahau hela yako!" Watu wote wakageuka. Yule bwana aliona haya mpaka shingo, akaniambia ni asante yangu, ya sabuni. Nikamrudishia. Nikamwambia mimi siombi. Leo nikikumbuka naona nilimkosea zaidi kuliko yule wa mchanga.

Basi Jumamosi hiyo nikavaa kanga mpya, nikapanda bajaji, nikafika mchana. Nikakaa meza ya pembeni, karibu na nguzo.

Mjukuu wangu akaja. Akanisalimia shikamoo kama anavyomsalimia mtu yeyote wa umri wangu, uso mkavu. Akaniletea birika na beseni, akapiga goti kidogo, akanimiminia maji. Nilitaka kumwambia maji ni ya moto mno. Nikanawa. Akaniuliza nitakula nini. Nikasema kuhe, yule samaki mnono wa ziwa letu, kama wapo.

Zilikuwa siku za mbalamwezi. Kwetu mwezi ukiwaka samaki hawafuati taa za wavuvi, boti nyingi zinalala pwani, na soko la samaki linakuwa na mizani zaidi ya samaki. Akasema ataangalia.

Na umeme nao ulikuwa umekatika. Jikoni walikuwa wanapikia mkaa, moshi unatoka dirishani, mpishi anakohoa. Watu walikuwa wamejaa barazani na wengi wameanza kununa. Hapo ndipo nilipomwona vizuri. Mimi enzi zangu chakula kikichelewa nilijificha nyuma ya masufuria. Yeye alikuwa anazifuata meza moja baada ya nyingine kabla hajaitwa. Huyu anamwambia samaki wake bado hajageuzwa. Yule anamwambia ukweli kwamba wali utachukua muda, kama ana haraka ale ugali, upo tayari. Mama mmoja mwenye mtoto anayelia akaletewa ndizi mbivu kwanza, bila kuomba. Kalamu hakuwa nayo. Alichukua maagizo ya meza sita kichwani, na kila sahani ilitua kwa mwenyewe. Nilikaa pale nimeshika shavu. Nikajisemea, huyu hakuyatoa kwangu haya. Mkono ni wangu, moyo ameutoa kwingine.

Meza ya jirani yangu alikuwa amekaa mzee mmoja wa Ujiji, kofia nyeupe, kanzu imenyooka, na mgeni wake kijana wa Dar es Salaam mwenye shati la mikono mifupi. Walikuwa wamefika kabla yangu, nao waliagiza kuhe wa kula pamoja.

Kuhe alikuwa mmoja. Mkubwa, lakini mmoja. Mpishi akamkata vipande viwili, akaweka upande wa kichwa kwenye sahani moja na upande wa mkia kwenye nyingine. Mjukuu wangu akatoka na sahani zote mbili, moja kila mkono, na kwa jinsi alivyolelewa, kichwa akakileta kwangu.

Nyumbani kwetu kichwa cha samaki ni cha mkubwa. Tangu ana meno mawili anaona hivyo. Sidhani alifikiri. Nami sikufikiri. Kilipotua mbele yangu nikasema bismillahi, nikachimba jicho.

Mzee wa kofia nyeupe akautazama mkia. Akautazama tena. Kisha akatazama sahani yangu.

Alimwita mjukuu wangu, na hakupaza sauti, jambo ambalo ni baya zaidi. Akasema wao ndio waliotangulia kuagiza. Akasema huyu ni mgeni wake, amemtoa mbali, na mgeni hapewi mkia. "Kwetu mtu akikupa mkia anakuonyesha njia ya kwenda," akasema. "Kichwa chetu kinaliwa na yule mama pale."

Baraza nzima ikageuka kunitazama, nami nina mnofu wa shavu la samaki mdomoni. Niliumeza mzima.

Mwenye mgahawa akaja kutoka kaunta, polepole, anajifuta mikono. Akauliza kuna nini, akaelezwa. Akanitazama. Akaitazama kanga yangu, akanitazama usoni, akamtazama msichana. Sisi wa ukoo wetu tuna paji moja la uso, halifichiki.

"Huyu mama unamjua?" akamwuliza.

Neno moja tu, hapana, na kazi inaweza kupona. Nilikuwa tayari kumsaidia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme mimi ni mpita njia, natoka Ilagala, kijana huyu simjui. Nimeuza samaki miaka mingi, uongo mdogo haunishindi.

"Ni bibi yangu," akasema mjukuu wangu.

Alisimama na mikono nyuma. Akaendelea, "Lakini sikumpa kwa sababu ni bibi yangu. Nimeona yeye ndiye mkubwa humu ndani, mikono ikaenda yenyewe. Wao ndio walitangulia. Kosa ni langu, siyo la mpishi."

Mwenye mgahawa akaendelea kujifuta mikono. Nikaona treni ya Tabora inapita mbele ya macho yangu.

Aliyesema ni yule mzee. "Ngoja kwanza," akasema. "Mkubwa humu ndani? Mkubwa kuliko mimi?"

Hapo sasa! Niliambiwa nisimjue mjukuu wangu. Sikuambiwa nisimjibu mzee. Nikamwuliza yeye ni wa lini. Akasema tarehe hakuandikiwa, lakini mama yake alimsimulia kwamba ziwa lilipopanda, siyo hii juzi, ile ya zamani iliyobomoa nyumba za ufukweni, alikimbia naye mgongoni.

"Mgongoni?" nikamwambia. "Mimi siku hiyo nilikuwa nimejitwisha vyungu vya nyumba nzima. Tena nilimpita mwanamke mmoja njiani, mtoto wake mgongoni anapiga kelele kama mbuzi. Isije ikawa ni wewe."

Watu wakacheka. Mzee akashikilia kofia yake, mabega yanatikisika. Halafu akafanya jambo ambalo wanaume wengi wenye kanzu iliyonyooka vile hawafanyi. Akainuka kidogo kitini, akasema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikasema. "Sasa kula mkia wako."

Ningekuwa mimi ndiye mhudumu, mambo yangeishia pale. Nimeshinda, basi. Mjukuu wangu hakuona ushindi wowote. Alimgeukia mwenye mgahawa, akamwomba kwa sauti ya chini, lakini mimi masikio bado yapo. Jikoni kulikuwa na sufuria la supu ya vichwa, chakula cha mchana cha wafanyakazi. Akaomba sehemu yake aipeleke meza ile. Mwenye mgahawa akamkubalia kwa kichwa tu.

Akaleta bakuli lenye kichwa kizima cha sangara, kikubwa kuliko changu mara mbili, ndimu pembeni, pilipili kwenye kisahani. Akawanawisha upya wote wawili kama ndiyo kwanza wamefika. Akamwambia mzee, "Babu, mlitangulia, mkachelewa kupata haki yenu. Mtuwie radhi." Basi. Hakuongeza habari ya umeme wala ya mwezi.

Na yule mgeni, aliyesababisha yote hayo bila kusema neno? Alikitazama kichwa cha sangara, nacho kikamtazama. Akasema kwa adabu kwamba yeye vichwa huwa hali, mkia unamtosha kabisa. Mzee akala peke yake, mpaka mifupa ikalia.

Walipomaliza, mzee akamwita mjukuu wangu, akamshika mkono wa kulia, akamwekea noti kiganjani na kuufumba mkono kwa mikono yake miwili. Watu wa Ujiji hawaachi asante chini ya sahani, wanaifumbia mkononi. Akamwambia hii ni yako ya sabuni, usimpe mtu.

Mjukuu wangu akapiga goti, akashukuru. Hakumkimbiza mtu wala kumrudishia mtu kitu. Mzee aliposhuka ngazi, nilimwona msichana wangu akienda dirisha la jikoni. Akampa mpishi ile noti, pale alipokuwa anapepea mkaa macho mekundu, akamwambia kitu kikamchekesha katikati ya kikohozi. Kumbe kabla hajala chakula chake cha mchana alikuwa amekitoa, na sasa na asante yake ameitoa. Nilimwona mjinga. Nilimwona mjinga kwa muda mfupi sana, kisha nikafungua fundo la kanga nitoe hela.

Nikalipa. Chini ya sahani nikaacha na mimi asante yangu, ya kwanza maishani mwangu. Kisha bila kujijua nikapanga sahani zangu, nikakusanya mifupa, nikaifuta meza kwa upindo wa kanga.

Mwenye mgahawa alinikuta mlangoni. Akaniambia yeye alinijua kabla ya kuuliza. "Mama, wewe ndiye wa Kibirizi," akasema. "Uliwahi kuninyang'anya sahani nikiwa msichana. Nilisema ugali una mabonge."

Nikamwuliza kama mabonge yalikuwa mengi. Akasema yalitosha.

Halafu akasema nilichokuwa nakisubiri tangu asubuhi. "Mjukuu wako anabaki. Nilimwuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo. Angekataa, angeondoka leo." Akanishika bega. "Lakini wewe ukija tena, agiza migebuka. Kila mmoja ana kichwa chake."

Jioni mjukuu wangu alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye mkeka akinyoosha miguu. Akampigia mjomba wake, akamwambia nauli anairudisha, akamshukuru vizuri kuliko ambavyo mimi ningefanya. Nikampelekea maji ya kuosha miguu, na hayakuwa ya moto mno.

Kisha akaniuliza, "Bibi, kichwa kilikuwaje?"

"Chumvi ilipungua," nikamwambia, kwa sababu ilipungua.

"Nitamwambia mpishi," akasema. "Na hela uliyoacha chini ya sahani nimeiona."

Nikamwuliza kama na hiyo amempa mpishi. Akatoa noti yangu ndani ya kilemba, imekunjwa mara nne, akanionyesha, akairudisha palepale.

"Hii hapana," akasema.