Koti Nililoishonea Kompyuta

Mimi ni fundi cherehani, na kila kitu nyumbani kwangu kimevaa nguo. Friji ina nguo. Redio ina nguo. Hata mtungi wa gesi nimeushonea sketi yenye marinda, na asiyeipenda sketi hiyo asiitazame. Mwaka juzi mdogo wangu aliivua friji nguo yake, eti mlango haufungi vizuri. Nilinuna wiki mbili. Salamu yake sikuitikia, chakula nilimwekea mezani bila neno. Siku ya kumi na tano niliamka nikakuta friji imevaa tena, na habari hiyo ikaishia hapo.

Huyo mdogo wangu tunamwita Rula. Jina alilipata ana miaka saba, alipochukua tepu yangu ya kupimia akapima kitanda, mlango na kichwa cha mama, kisha akaandika vipimo vyote kwenye daftari la hesabu. Mama alipofariki Rula alikuwa na miaka tisa, mimi ishirini. Nikamlea. Leo ana thelathini na sita na bado tunakaa pamoja. Chumba cha mbele tumekigawana: dirishani kuna cherehani zangu mbili na meza ya kukatia, ukutani kuna meza yake na kompyuta yake ya kubeba.

Kazi yake ni kuchora nyumba. Amezichora miaka kumi na moja kwenye ofisi ya mzee mmoja, na hakuna hata moja yenye jina lake, kwa sababu hana leseni. Yeye anachora, mzee anapiga mhuri. Tukiwa barabarani hunivuta mkono na kuninong'oneza, "Dada, ile yenye ngazi ya nje, ile ni yangu." Ananong'ona kama mwizi, wakati nyumba kaichora mwenyewe! Inaniuma mpaka leo.

Leseni inapatikana kwa mtihani wa bodi, na mtu anapewa nafasi tatu tu maishani. Unaufanyia nyumbani, kwenye kompyuta uliyoisajili mwezi mzima kabla, na kuibadilisha hairuhusiwi. Unakaa peke yako chumbani, kamera inakutazama, unachora jengo kwa saa tatu. Akionekana mtu mwingine, umefutwa. Ukipotea hewani zaidi ya dakika tano, umefutwa. Mara ya kwanza Rula alikosa alama nne. Mara ya pili nilitaka nimtie moyo, nikaishonea kompyuta yake koti. Na lilikuwa koti hasa: kitambaa kizito, sponji ndani, zipu pembeni, tundu la chaja, tundu la flashi, kioo na vitufe tu ndivyo viko wazi, halivuliwi hata akifanya kazi. Chini ya mashine kulikuwa na vijitundu vidogovidogo vingi. Nikaona hapo ndipo vumbi litapenya, nikaviziba vyote kwa sponji. Wiki moja baadaye, katikati ya mtihani, kompyuta ilizimika. Akaiwasha, ikazimika tena, na dakika tano zikaisha kidole chake kikiwa bado kwenye kitufe. Tuliulaumu umeme. Mimi niliutukana umeme na wote wanaouleta.

Ikabaki nafasi moja.

Jumatatu ya wiki ya mtihani, Rula yuko likizo, saa nne asubuhi, nilikuwa natia zipu kwenye sare ya shule niliposikia Rula amesema "Ah." Hakupiga kelele. Alisema "Ah" tu, kama mtu aliyedungwa sindano. Nilipogeuka, kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi.

"Umeme upo," nilimwambia. "Cherehani yangu si hii inatembea?"

"Naona."

"Basi chaja imekufa."

"Betri imejaa, Dada. Hata chaja ikifa, ingeendelea na betri."

Kama leo si umeme, basi hata ile mara ya pili haukuwa umeme. Kulikuwa na kitu humo ndani, na mtihani ulikuwa Ijumaa.

Rula hafanyi kitu bila kupima. Alichukua daftari akaanza kuandika saa na dakika. Aliandika barua kwenye kompyuta saa nzima, haikuzimika. Akaangalia filamu, haikuzimika. Akafungua mchoro wa ghorofa, akawasha na kamera kama siku ya mtihani, akawa analizungusha jengo lionekane pande zote na vivuli vyake. Dakika ya thelathini na nane, giza. Akarudia: dakika ya thelathini na moja. Akarudia tena: ishirini na sita. Nilichungulia daftari. Tangu utoto wake sijapata kuona namba ya Rula imekaa upande, na siku hiyo zote zilikuwa zimepinda.

Mimi nikiogopa nafoka, ndivyo nilivyo. "Si nilikuambia usinunue kompyuta iliyotumika? Si ulisema nzima? Sasa utamwambia nini huyo mzee wako, uendelee kumchorea mpaka uzeeke?" Hanijibu kamwe nikifoka. Alifunga daftari, akaenda jikoni, na nikasikia maji yanatiririka muda mrefu bila chombo kuoshwa.

Jumanne tulikwenda kwa fundi kompyuta. Duka lake ni jembamba, ukiingia wewe mwingine atoke. Ni mtu mrefu, miwani juu ya paji la uso, mpole mpaka anaudhi.

"Ina virusi," nilimwambia hata kabla ya salamu.

"Mama, shikamoo kwanza," alisema. "Virusi havingengoja mpaka ifanye kazi nzito."

Aliivua koti, akaliweka pembeni, akatia programu ndogo inayoonyesha joto la ndani. Akamwambia Rula afungue mchoro wake. Tukakaa watatu tunatazama namba. Hamsini na nane. Sabini. Feni ikaanza kulia. Themanini na nne. Rula alikuwa ameshika kifundo cha mkono wangu, na kadiri namba ilivyopanda ndivyo alivyokaza. Tisini na tatu. Tisini na tisa. Giza.

"Haijafa," fundi alisema. "Imejizima yenyewe isije ikaungua. Kazi nyepesi inaiweza. Ikipewa nzito inachemka, na joto halina pa kutokea. Ngoja tuone limezibwa na nini."

Akafungua skrubu moja moja. Mbele ya feni kulikuwa na kitu kimejibana, akakivuta kwa kibano kikatoka kizima, kinene kama kipande cha blanketi. Akakilaza juu ya karatasi nyeupe.

"Mnafuga paka?" aliuliza.

Jamani! Hakuwa paka. Ile ilikuwa bluu ya sare za shule. Juu yake nyeupe, magauni ya wapambe wa bibi harusi. Juu yake mstari mwekundu wa majoho ya kwaya. Vyote nilivikata mimi, kwa mpangilio uleule nilioshona, kazi yangu ya mwaka mzima. Meza yangu ya kukatia iko hatua tatu kutoka kwenye kompyuta ya Rula, na vumbi lote la nguo zangu feni ilikuwa inalimeza.

"Vumbi la mtaani hilo," nilisema. "Mtaa wetu una vumbi!"

Nikasema nakwenda kupunga hewa, nikatoka, nikasimama kando ya mtaro. Nilijua nilichokifanya. Nafasi ya pili ya mdogo wangu niliimaliza mimi. Nikakaa huko mpaka moyo ulipotulia kidogo.

Niliporudi fundi alikuwa amekwisha kusafisha, ametia na dawa mpya ya kupitisha joto, mchoro wa Rula unazunguka na namba imesimama sabini na moja. Tukaingoja saa mbili, haikupanda. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na fundi, kisha nikachukua koti nikaivisha kompyuta kwa mikono yangu, vumbi lisiingie tena, nikafunga zipu. Fundi alimtazama Rula. Rula alitazama sakafu. Niliwaona, lakini sikulitilia maanani.

Alhamisi mchana tukafanya majaribio kamili, kama mtihani wenyewe. Nilisimamisha cherehani, nikakaa kimya kitini. Dakika ya arobaini na nne kompyuta ilizimika.

Rula alishuka kitini akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akalia. Huyu mtu hakulia hata alipokosa zile alama nne. Nikampigia fundi simu, haipokelewi. Nikapiga tena. Mtihani ni kesho saa tatu asubuhi na simu inaita tu. Sikujua nifanye nini, basi nikaamua niibebe mashine nikamsubiri fundi mlangoni kwake, hata kama ni mpaka aje.

Nilipoinyanyua, kiganja changu kilichokuwa chini karibu kiungue. Na harufu ikanipanda puani. Lo! Harufu ile siwezi kuikosea: pasi iliyosahauliwa juu ya sponji. Nikafungua zipu, nikageuza koti nje ndani. Pale nilipoziba vile vijitundu, sponji ilikuwa imegeuka kahawia, na alama za vijitundu zimejichora juu yake, mstari kwa mstari. Mashine ilikuwa inatafuta pa kupumulia na mimi nimeifunga mdomo.

Nikalitupa koti mezani, nikashika mkasi nikalikata vipande viwili ili nisije nikajaribiwa kulivisha tena. Rula alinitazama kutoka sakafuni, macho mekundu. Nikachukua vibiringo vinne vya uzi vilivyoisha, nikaviweka mezani kila pembe, nikaikalisha kompyuta juu yake ipate hewa chini. Nikafunika cherehani kwa shuka, nikapiga deki chumba chote kwa kitambaa chenye maji. "Anza upya," nilimwambia. Akaanza. Saa tatu zilipita, namba haikuvuka sabini na mbili. Lakini usingizi uligoma. Jumanne nayo tulisema imepona.

Ijumaa saa tatu kamili Rula alijifungia. Mimi nikakaa ukumbini kwenye kigoda, uso mlangoni. Sikuruhusiwa kuingia, kilichobaki ni masikio. Niliisikiliza ile feni kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa. Ikipandisha sauti napanda nayo. Ikishusha nashika kifua, nadhani inakufa. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Nilikuwa nimeuma ncha ya kanga mpaka imelowa.

Saa sita kasoro dakika kumi, feni ilinyamaza.

Nilisimama. Nikabandika sikio mlangoni. Kimya. Hakuna feni, hakuna kitufe kinachobonyezwa. Mtihani unaisha saa sita kamili, Rula hana sababu ya kuzima mashine. Nikashika kitasa. Nikifungua na kamera ikaniona, nimemfuta kwa mkono wangu mwenyewe. Nisipofungua, huenda yuko humo anahangaika na kitufe peke yake. Nikaanza kuhesabu zile dakika tano kwa midomo, na nilipofika ya tatu nilikuwa naomba kwa sauti.

Mlango ukafunguliwa. "Nimemaliza," Rula alisema. "Nimeshatuma. Nimeizima mwenyewe."

"Unaizimaje bila kuniambia!" nilimfokea. "Unataka kuniua?" Kisha nikakaa chini palepale nikaangua kilio. Akachuchumaa mbele yangu, na hapo siri ikanishinda.

"Rula, ule mtihani wa pili ni mimi. Si umeme. Lile vumbi la nguo ni langu, koti ni langu. Mimi ndiye niliyeziba."

"Najua, Dada."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Ulipotoka nje fundi alinieleza. Akasema hilo koti lisivaliwe tena hata dakika moja."

Machozi yalinikauka. "Alikuambia? Na mimi nikalivisha mbele yako? Kwa nini hukusema?"

Alikuwa anatazama kucha zake. "Ungenuna."

"Rula! Mtihani wa mwisho!"

"Nilikuwa nauogopa mtihani," alisema polepole. "Wewe nilikuogopa zaidi."

Alisema bila hasira, kama anavyosoma vipimo. Nikainuka, nikaenda jikoni, nikaivua friji nguo yake. Nikauvua na mtungi wa gesi sketi. Kisha nikarudi nikamuuliza kama ana njaa, na sauti yangu ilikuwa ndogo hata mimi sikuijua.

Majibu yalikuja wiki ya sita. Nilikuwa napiga pasi, Rula akatokea mlangoni ameshika simu kwa mikono miwili. Kwanza alinitazama usoni, akanikagua, kama nimeamka vizuri au nimeamka vibaya, na nikaelewa kwamba hivyo ndivyo alivyonitazama miaka ishirini na saba yote. Nikaweka pasi chini. Nikamtabasamia kabla sijajua majibu ni nini.

"Nimefaulu," akasema.