Ng'ombe Waliopita Kati ya Spika Mbili

Ipo siku moja ya Igawa ambayo masikio yangu yanaikumbuka kuliko macho, mwanangu. Imenirudia jana, uliponionyesha kwenye simu picha ya ile sabufa, spika ndefu kama kabati, unayoitaka kwa ajili ya kompyuta yako. Sikukukatalia. Mtu mzima hutafuna neno kabla ya kulitema. Sasa kaa, unywe chai, nikuambie.

Nilikuwa binti bado sijaolewa. Baba yangu aliuza vitambaa Iringa mjini, nami nikatoka kwake nikaenda kufungua kibanda cha kompyuta Igawa, kando ya barabara kuu, pale mabasi yanaposimama watu washuke kununua mchele. Nilichapa barua, nilipiga picha za pasipoti, na nilicheza nyimbo ili wapita njia waingie. Kompyuta ilikuja na spika mbili za plastiki, ndogo kama makopo ya maziwa. Nilizibananisha juu ya rafu ya bati, nikafungulia sauti mpaka mwisho, nikajiona nina muziki. Debe tupu haliachi kuvuma.

Jirani yangu alikuwa Kabula, mama wa Kisukuma aliyeuza mchele. Aliishi na baba yake, Mzee Masanja, aliyehamia bonde la Usangu na mifugo tangu ujana wake. Uzee ulikuwa umemchukulia macho. Malisho yalipopungua, wanawe wa kiume walilipeleka kundi lote mbali kusini, kuelekea Lindi, naye akaachwa kwa binti yake, kwa kuwa kipofu haswagi ng'ombe safari ndefu. Tangu hapo mzee alikaa kimya, mgongo ukutani. Hata chakula alikula kwa kubembelezwa.

Kabula alikuwa na CD. Kabla kundi halijaondoka, mgeni mmoja aliyekuwa akikusanya nyimbo za wachungaji alilala kwao, na asubuhi, ng'ombe walipokuwa wakitoka zizini, akawarekodi kwa chombo chenye vipaza sauti viwili. Aliwaachia nakala, lakini hawakuwa na pa kuisikilizia. Ndipo Kabula akamleta baba yake kwangu, amemshika mkono. Nikamwamkia, nikampa kiti changu, nikaweka CD na kufungulia kwa nguvu zote. Spika zikalia kama nzige ndani ya kopo.

Mzee alisikiliza kidogo, kisha akainua mkono.

"Binti, zima. Umenipa kelele. Mimi nimekuja kusikia ng'ombe."

"Ndio hao hao, babu. Labda sauti ni ndogo."

"Hawa hawatembei. Wamerundikana kama wamefungwa kwenye gunia." Akamgeukia Kabula. "Turudi nyumbani, mama."

Nilimtazama akitoka, fimbo ikipapasa kizingiti, nikajua sitalala vizuri.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kama lako: nitafute kitu kikubwa zaidi. Mfuko wa mtu anayeanza maisha unaujua mwenyewe, lakini nilikuwa tayari kuukung'uta wote. Bahati nzuri Idd ikanikuta sijanunua. Nikaenda Iringa, nikamsimulia baba, naye akanisikiliza huku akikunja vitambaa.

"Mzee wa watu hajakuomba ukubwa," akasema. "Kasema hawatembei. Mbona unajibu ambalo hukuulizwa?" Akanipeleka stoo, akanionyesha redio yake ya zamani, ile yenye spika mbili za mbao zinazosimama mbali nayo. "Redio imekufa, spika hazijafa. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Nikazifuta vumbi. Kilichobaki kununua ni amplifaya ndogo ya kuzipa nguvu. Niliipata sokoni Mwanjelwa, Mbeya, imetumika lakini nzima, baada ya kuomba niwashiwe na kuisikiliza kwa CD ninayoijua neno kwa neno. Muuzaji alinuna. Nikamwacha anune.

Niliporudi Igawa nikazitenganisha spika zangu, moja kila upande wa meza, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, zikimtazama. Mzee hakutaka kurudi. Kabula ndiye aliyembembeleza. CD ikaanza, sauti nene, tamu, nami nikatabasamu. Mzee akatikisa kichwa.

"Wengine wako huku, wengine kule. Katikati hakuna ng'ombe hata mmoja. Kundi gani hilo linatembea limepasuka?"

Nikainama nyuma ya meza, nikafuata waya moja moja. Kweli, spika moja nilikuwa nimeifunga kinyume: waya nyekundu penye nyeusi, nyeusi penye nyekundu. Zikifungwa hivyo, moja huvuta wakati mwenzake anasukuma, zikanyang'anyana sauti. Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Hawakutuambia kwamba hata miwili ikigombana haimchinji. Nikageuza, nikawasha upya.

Mwanangu, sijui nikwambieje. Ukuta wa nyuma ya meza uliondoka. Palipokuwa na kompyuta pakawa na lango la zizi. Zikaja kwato upande wa kushoto, taratibu, udongo mkavu ukivunjika chini yake. Kisha kengele, kisha pumzi. Pumzi, mwanangu! Ndama akalia nyuma kabisa, mbali kuliko barabara. Kundi likapita mbele yetu kwenda kulia, na uso wa Mzee Masanja ukalifuata kama alizeti inavyofuata jua. Mteja aliyesimama karibu na meza akarudi nyuma. Naapa, aliwapisha! Mimi mwenyewe nilikunja miguu.

Mzee akasimama, akapiga mluzi mfupi wa kuita. Kabula akaziba mdomo kwa kanga.

"Huyo ni Madoa," mzee akasema. "Kengele yake ina ufa. Lakini mguu... Rudisha, binti."

Nikarudisha. Mimi nilisikia kwato tu.

"Mguu wa nyuma haukanyagi sawa. Kabula, mpigie kaka yako, muulize."

Kabula akapiga pale pale, simu akaiweka sauti ya nje. Akamuuliza kaka yake habari za mguu wa Madoa.

"Nani kamwambia baba?" kaka yake akauliza. "Alichechemea njia nzima. Mpaka leo hajapona. Tulimficha ili asihuzunike."

"Kaniambia Madoa mwenyewe," mzee akasema, akaomba simu. Akaanza kumwelekeza mwanawe jinsi ya kuinua ule mguu, atazame wapi kwenye ukwato, atoe nini, afunge vipi. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile. Kabula alilia huku anacheka. Tangu siku ile wanawe waliacha kumhurumia, wakaanza kumuuliza. Na mtu anayeulizwa hula mwenyewe.

Walipoondoka niliyatazama yale masanduku mawili ya mbao nikayaogopa kidogo. Kundi zima lilikuwamo ndani ya CD tangu mwanzo, na pumzi zake, na maumivu yake, nami nilikuwa nimeyageuza yote yale kuwa kelele.

Basi iache ile sabufa kwanza, mwanangu. Anza na ulicho nacho: zitenganishe spika zako, ziinue zifike masikioni, kagua waya. Bado hujaridhika? Ulizia majumbani mwa wazee, kuna spika njema zinalala chini ya vumbi. Ukifika dukani, sikiliza kabla hujalipa, hata wakununie. Na mtu akikwambia hasikii, usikimbilie kuongeza sauti. Muulize amekosa nini.

Mola akufungulie masikio, akupe subira ya mkono na utulivu wa moyo, na nyumba yako isikose wa kukusikiliza. Amina.