Benchi la Muriel Pargeter

Tangu ujana wake mpaka magoti yalipogoma, Muriel Pargeter alikodisha viti vya turubai ufukweni, jijini Wexcombe, Uingereza. Mvua ya Wexcombe si mchezo, lakini watu walikodi vilevile, wakakaa chini ya miavuli wakila aiskrimu huku wanatetemeka, kwa sababu likizo ni likizo.

Alipostaafu, halmashauri ya jiji ikaamua kumpa benchi la mbao, linalotazama bahari, lenye kibao cha shaba. Jambo jema, wallahi. Ila idara ya mabenchi inajua kuchonga maneno ya aina moja tu: "Kwa kumbukumbu ya marehemu."

Muriel akapiga simu. "Samahani sana kukusumbua, ila mimi sijafa."

"Pole, mama," karani akajibu. "Mabenchi ni ya marehemu tu. Walio hai tunawapa cheti."

"Hamwezi kubadilisha?"

"Kamati ya mabenchi haikai tena mpaka mwakani. Na kibao kimeshachongwa, jamani."

"Basi, basi. Samahani kwa usumbufu."

Umesikia? Kaomba radhi kwa kuwa hai! Watu wa huku ukiwakanyaga mguu, wao ndio wanaosema samahani. Inanikera mpaka leo.

Siku ya uzinduzi alikwenda, maana kutokwenda kungekuwa utovu wa adabu. Akasimama nyuma kabisa, kofia ya koti la mvua imemshuka hadi puani. Meya, mkufu wa dhahabu shingoni, akamsifu marehemu kidogo, kisha akazungumzia maegesho ya magari kwa kirefu. Watu wakapiga makofi. Muriel naye akapiga.

Halafu akaja mbele Winifred, na moyo wa Muriel ukalipuka paa! Winifred ni mdogo wake, tumbo moja. Hawakusemezana tangu matanga ya mama yao, walipogombana mbele ya kasisi: kwenye skonzi, vile vimkate vya chai, ipakwe krimu kwanza au jamu? Muriel krimu, Winifred jamu. Usicheke, huku kuna ndoa zimevunjika kwa hilo. Halmashauri ilimwalika Winifred kama ndugu wa marehemu, naye kwa kuwa hakuwa na wa kumuuliza, akaamini.

"Dada yangu alikuwa na kichwa kigumu," Winifred akasema. "Kila Krismasi nilishika simu, nikairudisha. Nilingoja aanze yeye. Leo angepaka krimu kwanza, angepaka hata haradali, ningekula. Ningekula yote."

Muriel akalia machozi ya kweli. Mzee aliyesimama pembeni yake akamnong'oneza, "Ulimfahamu marehemu?"

"Kidogo tu."

Angeweza kupaza sauti. Lakini kumkatiza mtu anayehutubia? Afadhali kufa. Na kilichomtisha zaidi ni hiki: aliyekufa kashasamehewa, aliye hai je? Akijitokeza, Winifred si atanuna upya? Akageuka aende zake.

Lakini watu walishapanga foleni kumpa Winifred mkono wa pole, na Mwingereza akiona foleni, miguu inajipeleka yenyewe. Muriel akajikuta ndani yake. Foleni ikasogea, ikasogea, zamu yake ikafika.

"Pole kwa msiba," akasema, macho chini.

"Ahsante kwa ku..." Winifred akachungulia chini ya kofia. Akawa mweupe, kisha mwekundu. Akamtazama meya, akatazama maua, akamrudia.

"Mwanahizaya we!" akanong'ona.

"Nilipiga simu halmashauri..."

"Nyamaza. Watu wametoka mbali."

"Niondoke?"

"Thubutu!"

Mkono hakuuachia. Waliokuwa nyuma wakaanza kukohoa kwa adabu, meya akatazama saa, mvua ikazidi. Winifred akaushika kwa mikono yote miwili, na foleni nzima ikasubiri.