Fundi Aliyepakata Kiatu

Magdalene alimfikia fundi wa Ruiru akiwa amejiandaa kubishana bei ya giaboksi, maana gari lake jipya la otomatiki lilikuwa likipunguza mwendo ghafla na kuvunja mayai anayouza Thika. Fundi mwenyewe huongea polepole kama mtu aliye kanisani, hupangusa mikono safi kwa kitambaa kichafu, na hutazama kila kitu ila injini. Hata boneti hakufungua.

"Endesha, mathe."

Fundi akapanda kando yake. Karibu na Witeithie, njia ya Thika, gari likasita ghafla, trei ya juu ya mayai ikamwagika. Fundi akainama kutazama miguu yake.

"Nipe kiatu cha kushoto."

"Cha nini?"

"Ulizoea pikapu ya klachi?"

"Tangu ujana."

"Hapa klachi hakuna. Mguu huo unatafuta klachi, unakanyaga breki."

Wakarudi gari likiteleza vizuri, fundi amepakata kile kiatu kama mtoto mchanga.

"Mzee wangu nyumbani asisikie," Magdalene akasema.

"Basi tuseme ilikuwa oili ya giaboksi." Na bei ikawa ya oili ya giaboksi. Magdalene, anayevutana hata na muuza chumvi, akapunguziwa kidogo tu, akalipa, akaondoka na heshima yake.