Mgeni wa Chumba cha Uani

Siku dada yake alipobisha hodi, Mama Pasi alikuwa akipiga pasi kitambaa cheupe cha kanisani, cha meza ya Bwana. Aliposikia ile sauti mlangoni mkono ulimganda, kitambaa kikaungua pembeni. Hakuwa ameisikia kwa miaka mingi, ila angeitambua hata usingizini.

Mama yao alifariki mapema, na huyu dada ndiye aliyemlea, akamsuka nywele, akamfundisha kusali kabla ya kulala. Ndiye huyohuyo aliyetoroka na mchumba wa mdogo wake. Gauni lilikuwa limeshashonwa na ndoa imeshatangazwa kanisani. Jumapili ya tangazo la mwisho bwana harusi hakuonekana, na dada naye hakuonekana, na mdogo mtu alibaki kwenye benchi la mbele huku waumini wakigeuza shingo kumtazama.

Baadaye aliolewa na fundi wa saa, mwanamume mpole asiye na makuu, wakajaliwa binti mmoja. Akaanzisha udobi wake uani, watu wakamwita Mama Pasi, na habari za dada zikawa hazizungumzwi nyumbani.

Sasa dada alikuwa mlangoni na begi moja, amekonda, yule mwanamume ameshamwacha siku nyingi. Alisema amesikia mtoto anaumwa. Ni kweli, binti alikuwa hoi; figo zake zilikuwa zimeacha kufanya kazi, na kila wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Mama Pasi angefunga mlango, lakini mumewe alitokea nyuma yake, akampokea mgeni begi bila hata kumuuliza mkewe. Haraka ile ya kupokea begi Mama Pasi aliiweka moyoni.

Dada akapewa chumba cha uani, pembeni ya kamba za kuanikia. Aliamka kabla ya wote, akafagia, akachota maji. Alikaa na mgonjwa akimsimulia visa vya utotoni hadi mtoto akacheka, jambo lililokuwa limeadimika. Wema wote huo Mama Pasi aliutazama kwa jicho la pembeni. Mtu hawi mwema hivyo bure, alijisemea. Anatafuta kitu.

Kazi yake ilikuwa imemzoesha kusoma nguo. Shati lilimweleza aliyelivaa amelala wapi, amekula nini na kama amesema uongo. Kwa hiyo alipofua blauzi ya dada na kukuta tone la damu kwenye mkono, usawa wa kiwiko kwa ndani, alisimama akalitazama. Wiki iliyofuata blauzi ilinuka dawa ya kusafishia sakafu, ile kali, na shati la mumewe nalo lilinuka hivyohivyo. Fundi wa saa anashinda na mafuta na vumbi la shaba. Dawa ile ameitoa wapi?

Akaanza kuwahesabia wote wawili nyendo. Mume alifunga kibanda chake cha saa mapema siku ambazo dada naye alitoka. Alipowaingilia jikoni walinyamaza. Alimuuliza mumewe, naye akajibu kwamba alipeleka saa kwa mteja, huku akitazama ukuta.

Mama Pasi alikwenda kwa mchungaji, akamwomba amzuie dada asishiriki meza ya Bwana, maana mtu hawezi kula mkate mtakatifu huku anavunja nyumba ya mdogo wake. Mchungaji alimsikiliza hadi mwisho, akamsihi avumilie kidogo. Pale mlangoni mzee wa kanisa akamdokeza kwamba dada alikuwa hapohapo juzi, wakaongea na mchungaji kwa muda mrefu. Basi mchungaji naye wamemweka mfukoni, Mama Pasi akawaza. Jumapili iliyofuata kikombe kilipomfikia alikipitisha bila kunywa.

Asubuhi moja aliacha nguo za watu kwenye beseni, akajitanda ushungi hadi kwenye nyusi, akawafuata. Waliingia hospitali. Umri wa dada wa kuzaa ulikuwa umeshapita, ila Mama Pasi hakuwa na utulivu wa kupiga hesabu hiyo; alichoona ni mimba. Akawakuta kwenye benchi, mumewe ameshika mkoba wa dada mapajani kama mtu aliyezoea kuushika. Kabla hajafungua kinywa, nesi alichungulia mlangoni akamwita yule mama anayemtolea mtoto figo. Dada akasimama.

Wazazi wenyewe walikuwa wameshakataliwa, mama kwa sababu ya presha, baba kwa sababu damu yake haikuoana na ya binti. Mama Pasi alijikuta amekaa pale dada alipokuwa amekaa.

“Nani anajua?” Mama Pasi alimuuliza dada alipotoka.

“Mumeo, mchungaji na daktari. Niliwaomba wasikwambie.”

“Kila mtu isipokuwa mimi.”

“Ungekubali?” dada alimuuliza. “Halafu vipimo vingekataa, ungesema nimekudanganya mara ya pili.”

“Unataka nini kwangu, dada?”

Dada alitazama viganja vyake. “Daktari aliniuliza kama kuna malipo ninayoyatarajia. Nikasema hapana. Nilipofika getini nikaona nimemdanganya, maana nilikuwa nataka unisamehe. Nikarudi nikamwambia. Akasema nenda kafikirie. Nimefikiri, mdogo wangu. Hata ukinifukuza leo, natoa.”

Mtu mwingine angelia na kumkumbatia. Mama Pasi alimfuata daktari kwa siri, akauliza kama mtoaji anaweza kughairi. Akaambiwa anaweza, hadi mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Kuanzia hapo hofu ikabadilika sura. Siku ya upasuaji alikuwa wodini mapema kuliko manesi, ameweka kiti chake katikati ya njia ya kutokea.

“Umekuja kunichunga nisikimbie,” dada alisema.

“Ndiyo.”

Dada alicheka, kwa mara ya kwanza tangu arudi, na alikuwa bado anatabasamu walipokuja kumsukuma na kitanda chake.

Figo ilikubali. Binti alirudi shule, mashavu yakajaa. Fundi wa saa alikubali kuombwa radhi, lakini kwa siku kadhaa alikula kimya, na mkewe akaona ni haki yake. Aliyelipa zaidi ni dada. Kidonda kilimsumbua, na kazi ya kupakua mizigo stoo, iliyokuwa ikimlisha kabla hajaja kwao, hakuweza kuirudia tena.

Alipopata nafuu alianza kukunja nguo zake. Alisema amepata chumba cha kupanga upande wa pili wa mji. Mama Pasi alisimama mlangoni akimtazama, akitafuta ujanja uliojificha ndani ya kuondoka huko, kwa mazoea tu. Hakuuona.

“Sijakusamehe yote,” alisema. “Nikisali Baba Yetu, nafika pale pa kusamehe nakwama.”

“Najua.”

“Lakini usiondoke.”

Dada aliweka chini gauni aliloshika, akarudi kukaa kitandani polepole, maana mshono ulikuwa bado unamvuta.