Niliua injini iliyotoka overhaul kwa sababu nilishindwa kumwambia baba mkwe asubiri

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijahadithiwa. Nimekaa nacho miezi kadhaa naona aibu kukiandika. Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyotokea, na atakayenicheka ana haki yake.

Niko Mugumu, Serengeti. Nina pickup ya dizeli inayobeba mahindi kutoka Kisaka na mbuzi wa mnadani. Ndiyo inayotulisha nyumbani. Mwaka jana ilianza kula oil na kutoa moshi wa bluu, mpaka siku moja ikagoma kabisa uani kwangu. Fundi akasema hapa ni overhaul tu, injini ifunguliwe yote na kufungwa upya.

Mke wangu akakubali tuuze ng'ombe wake wawili. Hao ng'ombe alipewa na baba yake, na baba yake hatukumwambia.

Fundi nimwite Athumani. Mtu wa swala tano, mpole, ila kwenye injini hana mzaha. Aliifungua palepale uani, crankshaft, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ikaenda Musoma kuchongwa, ikarudi, akafunga kila kitu na bearing mpya za kuishikilia. Ijumaa asubuhi akamimina oil mpya, ikabaki hatua moja.

Hatua hiyo ndiyo uzi wenyewe, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Injini ikitoka kufungwa upya, oil inakuwa imelala kwenye sampo, lile bakuli la chini ya injini. Huko juu kwenye bearing hakuna kitu, njia zote zina hewa, hata pampu ya oil ni kavu. Ukiwasha hapohapo, chuma kinasaga chuma. Kwa hiyo fundi anachomoa waya unaoruhusu dizeli kupita, halafu anapiga stata kidogo kidogo bila injini kuwaka, anaipumzisha, anapiga tena, mpaka taa nyekundu ya oil kwenye dashboard izime. Hapo ndipo pressure imepanda. Anarudisha waya, anawasha.

Athumani alipiga stata mara mbili, betri ikachoka.

Akaniambia, "Naenda swala, nikirudi nakuja na betri niliyoiacha kwenye chaji. Mtu asiguse hii gari. Hata wewe."

Nikamjibu nimeelewa. Na nilielewa kweli wakuu, ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Haikupita nusu saa, baba mkwe huyo anaingia. Mzee Marwa, katoka Nyanungu kule Tarime, bila taarifa. Mke wangu alikuwa shambani. Nikamwamkia, nikamtolea kiti, hakukaa.

"Nimesikia ng'ombe wamekuwa injini," akasema. "Nimekuja kuwaona."

Kwa wasiotujua Wakurya, baba mkwe habishiwi. Kuna wanaume wana wajukuu na bado wakikutana na mkwe wao njiani wanampisha kwa kuingia majanini. Tangu nioe, mimi sikuwahi kumwambia yule mzee neno hapana.

"Inawaka?"

"Inawaka, Baba."

Ilikuwa haijawaka hata mara moja.

"Basi washa tuisikie. Halafu unipeleke mpaka sokoni."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Bado haijapandisha oil, tumsubiri fundi. Maneno machache tu. Nikayameza.

Na nisijifanye mtakatifu, nilitaka pia aione inanguruma, ajue ng'ombe hawakupotea. Nikachomoa dipstick, nikaona oil imefika alama ya juu, nikajiambia si ipo bwana. Nikarudisha waya mwenyewe, nilikuwa nimemwona Athumani akiuchomoa. Nikapiga stata, ikalia kinyonge ikanyamaza.

Nikashukuru Mungu kimoyomoyo, nikajua betri imeniokoa.

Mzee akatoka barabarani. Kuna vijana walikuwa wanarudi mnadani. "Mura, njooni msukume hapa." Huku kwetu ukiomba watu wakusukumie gari hakuna anayeuliza maswali. Wakaja saba. Mzee akapanda kiti cha mbele, mimi kwenye usukani. Kutoka kwangu ni mteremko, nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi, ikawaka.

Vijana wakapiga miluzi. Nikamwangalia mzee, anatabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu.

Taa nyekundu ya oil haikuzima.

Nikaendelea na safari. Ndiyo, niliendelea. Mzee akanyoosha kidole, "Hiyo taa ni ya nini?"

"Ya kawaida, Baba. Itazima."

Hatukufika hata kilomita moja. Ikaanza kugonga kwa chini, ko, ko, ko, kama mtu anabisha hodi kwa nyundo.

"Zima," mzee akasema. "Zima sasa hivi."

Nikazima. Halafu akauliza swali lililonimaliza kabisa.

"Hii injini ilizungushwa oil ikapanda kabla hujawasha?"

Kumbe mzee aliwahi kuwa na mashine ya kusaga, injini ya dizeli ya kuzungusha kwa mkono. Mimi mkwe wake wa miaka tisa sikuwa najua.

"Kila nikiifungua, nilikuwa naizungusha kwanza bila kuiwasha mpaka bega linauma," akasema. "Ungeniambia haijapanda oil, ningekaa kwenye kiti chako nikasubiri mpaka jioni. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa, Baba."

Akageuka dirishani. "Umeniogopa mimi, ukaua ng'ombe wa binti yangu."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Athumani akatukuta palepale, yuko kwenye bodaboda na betri mapajani. Akashuka, akaangalia gari, akaangalia mimi. "Nani amewasha?"

Kabla sijafungua mdomo, mzee akajibu, "Ni mimi." Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka injini ilipogonga.

Tulipofungua sampo, oil mpya kabisa ilikuwa inametameta kwa unga wa chuma. Bearing zimekwisha, crankshaft imekwaruzika. Ikarudi Musoma. Miezi miwili pickup juu ya mawe, na mke wangu wiki nzima ananijibu ndiyo na hapana tu.

Siku ya kuwasha mara ya pili, mzee alikuja tena. Safari hii alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa gari. Betri mbili zimechajiwa, waya umechomolewa, mimi napiga stata, Athumani ananihesabia. Raundi ya kwanza, taa inawaka. Ya pili, bado inawaka.

Mzee akasema, "Inatosha. Washa."

Athumani akaniangalia.

"Bado, Baba. Subiri."

Mzee akanikazia macho, halafu akaegemea kiti chake. "Haya. Nasubiri."

Raundi ya nne taa ikazima. Yeye ndiye aliyeiona kwanza. Tukarudisha waya, ikawaka, na leo asubuhi imetoka Kisaka na magunia ya watu.

Kama alikuwa ananipima au alisahau, mpaka leo sijui na sijathubutu kumuuliza.

Nilichojifunza ni kwamba oil kuonekana kwenye dipstick si oil kufika kwenye bearing. Injini iliyofunguliwa, au iliyolala muda mrefu, ipandishie pressure kwanza, hata kama nyuma yako kuna mkwe, mchungaji na mwenyekiti wa kijiji. Na mtu unayemheshimu mpe ukweli, yeye ndiye aamue kukasirika au kusubiri.

Mafundi mliomo humu, nyie mnapandishaje oil kwenye injini mpya, na mnasubiri muda gani? Na wenye wakwe, jamani, msiniache peke yangu. Nani mwingine aliwahi kujibu "ndiyo, Baba" ikamtokea puani?